Mbwa Asiyekula

Nyumbani walicheka nilipowasimulia kwamba Japani mbwa wa bandia huombewa kama maiti. Mimi sikucheka. Kampuni ya Sony ilimtoa mbwa huyo, AIBO, mwaka 1999 kwa yeni 250,000, na 3,000 waliotengwa kwa Wajapani walimalizika kwa dakika 20 hivi. Alitembea, akabweka, akamwitikia mwenyewe. Wazee wakaongea naye kama mwana. Mwaka 2006 hakutengenezwa tena, na mwaka 2014 kampuni ikaacha hata kumtibu. Anayeuza kitu ili kipendwe, naona, anadaiwa vipuri kwa zaidi ya miaka minane. Mwaka 2015, katika hekalu la Kofukuji mjini Isumi, AIBO wakaombewa kabla ya kufunguliwa ili viungo vyao viponye wenzao. Walipangwa safu safu, na vikaratasi vya kueleza wametoka kwa familia zipi.