Askari Aliyembeba Mwizi

Mwaka 2019 hapa Nkololo nalikunywa maji ya lambo yasiyochemshwa, nikashikwa na homa ya matumbo. Siku ya nne ya dawa homa ikapoa, nami nikaacha vidonge. Baada ya majuma mawili ikarudi, nikakaribia kufa.

Tabibu akanieleza: vijidudu vyake, yaani Salmonella Typhi, hupenya ukuta wa utumbo. Hapo chembe nyeupe, askari wa mwili, huvimeza ili kuviua. Lakini vingine havifi. Hujificha ndani ya askari yule yule, naye huvichukua hata ini, wengu na uboho wa mifupa.

Ndipo nilipofahamu ya kuwa homa kupoa si adui kuondoka. Tangu siku ile nachemsha maji, na dawa niliyoandikiwa naimaliza yote.