Haki ya Filamu ya Sebuleni

Mwandishi Myahudi Elie Wiesel alikuwa na kila sababu ya kukasirika. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 15, alipelekwa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz pamoja na familia yake. Mama yake na mdogo wake wa kike waliuawa huko, na baba yake akafia kambi ya Buchenwald vita ikielekea ukingoni. Aprili 1978 kituo cha NBC cha Marekani kikaanza kuonyesha Holocaust, filamu ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga na kugawanywa katika jioni nne mfululizo. Ilisimulia mauaji ya Wayahudi kupitia familia moja ya kubuni ya mjini Berlin. Siku ileile ilipoanza, uhakiki wa Wiesel ulitoka katika gazeti la New York Times. Alisema filamu hiyo si ya kweli, tena ni tusi kwa waliokufa na kwa walionusurika.

Nami ninayeandika uhakiki wa filamu za runinga, nikiutazama mchezo huo nakubaliana naye karibu kila anapogusa. Familia ile moja inabebeshwa historia nzima: huyu yuko Buchenwald, yule Warsaw, mwingine anashuhudia mauaji ya Babi Yar kisha anaibukia kambi ya Sobibor, kana kwamba msiba wa mamilioni ulipangwa ili watu wa ukoo mmoja wasikose hata tukio moja. Hadithi ilikatizwa mara kwa mara na matangazo ya biashara, kama ilivyo desturi ya runinga ya Marekani. Mtazamaji alitolewa kambini akapelekwa dukani, kisha akarudishwa kambini. Mtu aliyemzika mama yake moyoni tu, bila kaburi, ana haki ya kuliita jambo hilo tusi.

Lakini Januari 1979 filamu hiyohiyo ilifika Ujerumani Magharibi. Siku chache kabla ya kuonyeshwa, watu wa mrengo mkali wa kulia walilipua mitambo ya kurushia matangazo ili kuvuruga makala iliyotangulia, iliyohusu mauaji hayohayo. Hawakufaulu kuizuia filamu. Wajerumani wapatao milioni 20 waliona angalau sehemu yake. Baada ya kila sehemu, wanahistoria walikaa studioni kujibu maswali, na simu zikamiminika kwa maelfu. Watoto waliwauliza wazazi wao walikuwa wapi miaka ile. Mwezi Julai mwaka huo Bunge likapiga kura, 255 dhidi ya 222, kuondoa ukomo wa muda wa kushtaki kosa la kuua, na hivyo wauaji wa enzi ya Wanazi wakakosa pa kujificha nyuma ya kalenda. Filamu haikupiga kura, na mjadala wa sheria ile ulianza miaka mingi kabla yake. Hata hivyo, wabunge walipiga kura katika nchi iliyokuwa imetoka kulia mbele ya runinga.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya mhakiki inamfundisha mtu kuishi. Wiesel hakukosea. Na wale waliolia hawakukosea. Kazi yenye kasoro kubwa ilifanya jambo ambalo vitabu vingi bora vilikuwa havijalifanya kwa umma mpana. Mhakiki dhaifu angechagua upande mmoja: ama aseme kwa kuwa filamu ina kasoro machozi yale ni ya bure, ama aseme kwa kuwa watu walilia basi kasoro hazina maana. Wahenga walikwisha kutuonyesha njia nyingine: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema mwacheni. Hukumu ipite, na haki ya anayehukumiwa isemwe kwa sauti ileile.

Kumpa mtu haki yake huanza na kujua alifanya kazi katika hali gani. Filamu ya runinga mara nyingi hupewa fedha kidogo na siku chache kuliko ya sinema. Mwaka 1971 kijana Steven Spielberg, aliyekuwa hajafikisha hata miaka 25, alipiga Duel kwa wiki mbili hivi kwa ajili ya kituo cha ABC. Alichokuwa nacho ni barabara, dereva mwenye hofu na lori kubwa ambalo dereva wake haonekani uso. Umaskini ule wa vitu ndio uliomlazimisha ategemee picha badala ya maneno, na mpaka leo filamu hiyo inakaza mishipa ya mtazamaji. Anayeipima kwa wingi wa waigizaji na mapambo hataona kitu. Ndivyo tunavyowapima watu pia. Tunalinganisha nyumba ya aliyerithi kiwanja na ya aliyekinunua kwa kibarua, halafu tunashangaa kwa nini kuta hazilingani.

Haki pia inamdai mkosoaji. Claude Lanzmann, Mfaransa aliyekuwa tayari amezama katika kazi yake mwenyewe juu ya mauaji hayo, aliikosoa vikali Holocaust. Mwaka 1985 akatoa Shoah, filamu ya hali halisi ya zaidi ya saa tisa, isiyo na hata kipande kimoja cha filamu za kumbukumbu za zamani. Ni sauti tu za walionusurika, za walioshuhudia na za waliotenda, na mahali penyewe jinsi palivyokuwa kamera ilipofika. Mjerumani Edgar Reitz naye aliona simulizi ya watu wake imechukuliwa na wageni. Akatengeneza Heimat, mfululizo wa runinga wa mwaka 1984 kuhusu kijiji kimoja. Hawa hawakuishia kwenye lawama. Waliyaweka mezani mawazo yao juu ya kazi njema, nao wakakubali kuhukumiwa. Uhakiki wa namna hiyo ninauheshimu kuliko wote.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kesi yetu, nayo imegeuka upande wa pili: sifa zilitoka kwa wahakiki, lawama zikatoka kwa waliopigwa picha. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi kuhusu Mwanza, sangara na ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya. Ilipata tuzo kadhaa Ulaya na kuteuliwa kuwania Oscar. Nyumbani tuliifahamu zaidi kama filamu ya mapanki, yaani mabaki ya samaki waliokwisha kutolewa minofu, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani. Nikiipima kwa ufundi, ni kazi ya mtu anayejua kutazama: anawasikiliza marubani, mlinzi wa usiku na watoto wa mitaani bila haraka. Nikiipima kwa ushahidi, naona pengo. Inamwachia mtazamaji hisia kwamba ndege zilikuja Mwanza na silaha, ilhali hakuna mahali tunapoona shehena hiyo ikishushwa. Tunayo maneno ya rubani anayekumbuka safari ya Angola. Nikiipima kwa haki ya mji, namkosa mvuvi aliyesomesha watoto kwa sangara huyohuyo. Na bado wale watoto waliolala barabarani walikuwepo. Aibu yetu haiwafuti.

Shangazi yangu hutazama makala za namna hii kwa makini kuliko wasomi wengi ninaowajua. Siku moja makala ilipokwisha na majina yakaanza kupita, aliniuliza, "Mwanangu, yule mama wa macho mabovu, alipelekwa hospitali?" Nikamjibu, "Shangazi, filamu imeishia pale." Akasema, "Imeishia kwao. Yule mama yeye hajaishia pale." Tangu hapo swali lake nimelifanya kipimo changu: aliyeonyeshwa alibaki na nini kamera ilipoondoka? Kuna filamu nzuri sana ambazo haziwezi kulijibu.

Ndugu msomaji, huenda hutaandika uhakiki hata siku moja, lakini kila siku unahukumu. Unamhukumu baba aliyekuwa mkali na akauza ng'ombe ili usome. Unamhukumu mwalimu aliyekuaibisha mbele ya darasa, ambaye pia ndiye aliyekufundisha kusoma. Kishawishi ni kuchukua upande mmoja ili moyo upumzike: kumsamehe kwa kujifanya hakukosea, au kumkana kwa kujifanya hakutenda wema. Pande zote mbili ni uongo, na uongo huo tunauhamishia kwa watoto wetu kama urithi. Taja kosa kwa jina lake. Taja wema kwa jina lake. Muulize aliyeumia, kwa maana yeye anajua kitu usichokijua, kama Wiesel alivyojua. Na kama unaona jambo lingefanywa vyema zaidi, lifanye, kisha usimame tayari kupimwa kwa mizani ileile uliyowapimia wenzako.