Mpaka Umesogea

Kiti cha mbele, karibu na kiongozi wa msafara: hicho ndicho nilichopewa, tena bure, siku watalii wanne walipolipia safari ya bonde la Mlalo kule Usambara Magharibi. Bure yenyewe ilikuwa na masharti. Wenye safari walitaka karatasi ya matangazo kwa Kiswahili, maana ya Kiingereza wanayo, na mtu akawaambia yuko kijana mmoja Tanga, kamaliza kidato cha nne, anajiita mwandishi. Kijana huyo ni mimi. Nina riwaya yenye sura nne na nusu, na zote zinatokea milimani, ambako hadi siku ile nilikuwa sijakanyaga.

Ndugu msomaji, najua unajiuliza ilikuwaje mtoto wa Kisambaa asijue kwao. Baba aliteremka angali kijana akaja kutafuta kazi ya mkonge, baadaye akapata kibarua bandarini, akaoa Tanga, akatuzaa Tanga. Kisambaa tumekisikia nyumbani kila siku, hasa akikasirika. Lakini likizo zikifika, wenzetu wanapanda mabasi kwenda kwa bibi zao, sisi tunabaki Ngamiani. "Kule baridi," baba alikuwa anasema, na mazungumzo yanaishia hapo. Milima nikaijua kwa kuisikia na kwa kuisoma.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi za kupanda na kupinda, na maporomoko ya Soni unayaona hapo hapo njiani. Mjerumani alipokuwa anatawala, mji wa Lushoto aliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wake. Bonde lina watu, lina mito, lina majina yake, halafu mtu aliye Berlin analipewa zawadi bila hata kuliona! Lakini tuyaache hayo, gari linasubiri.

Nimesema gari? Ni vigari vitatu. Kila kimoja ni fremu ya mabomba ya chuma, matairi manne mapana, viti viwili, na mikanda ya kukufunga kifuani mpaka ukajiona rubani. Hakina mlango, hakina kioo. Wenyewe wanakiita bagi. Watoto wa njiani wanakiita panzi, na ukikiona kinavyoruka kwenye mashimo utasema watoto wana haki. Cha mbele anaendesha kiongozi, na ubavuni mwake mimi na daftari langu. Cha kati wamo baba na binti yake kutoka Ujerumani. Cha nyuma kina dada wawili, walimu wa Dar es Salaam, waliochanga pesa mwaka mzima kwa safari hii na wakawa na furaha kuliko sisi sote. Masharti ni matatu: usimpite wa mbele, usibaki nyuma sana, ukikutana na mtu au mnyama punguza mwendo. Hilo la tatu lilisemwa haraka haraka.

Tukaingia msitu wa Magamba asubuhi, ukungu bado umelala kwenye miti. Baridi ilinipata sawasawa; baba hakudanganya. Kiongozi akazima injini, wote tukazima, na kimya kikashuka. Juu ya mti mkubwa wakatokea mbega, weusi wenye mabega meupe, wanatutazama kama wazee wa baraza wanaosikiliza kesi ndogo. Hapo kiongozi akaanza kazi yake, na bwana we, jamaa anajua kusimulia! Kutoka kwa mbega akapita kwa Mbegha mwenyewe, yule mwindaji kutoka Ngulu, aliyezaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, ndugu zake wakamwogopa na kumnyima urithi. Akapanda milima hii na mbwa wake, akiwapa watu nyama, nao wakimpa chakula cha shamba. Akaua simba, wakamfanya mtawala wao kule Vuga, na watawala waliotoka kwake wakaitwa Simba Mwene. Nilikwisha kuisoma habari hiyo katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi. Kiongozi aliimaliza kwa dakika sita, Kiingereza kwa Wajerumani, Kiswahili kwa walimu, na hakuna aliyekohoa. Mimi sura yangu ya kwanza peke yake ina kurasa arobaini.

Nikaandika pembeni mwa daftari: anajua pa kukatia.

Baada ya Malindi (si ile ya Kenya) msitu unakwisha na mashamba yanaanza. Viazi, kabichi, karoti, migomba, mapeasi, matunda damu. Matenga yamepangwa kando ya njia yakisubiri lori. Kisha njia inaanza kuteremka, na ghafla Mlalo yote iko chini ya miguu yako: nyumba za udongo mwekundu zimebanana juu ya kilima, nyingine za ghorofa zenye roshani za mbao, na kuzunguka kilima hicho bonde kubwa la kijani lililokatwa vipande vipande hadi kileleni. Wamisionari wa Kilutheri walifika hapa mwaka 1891, wakaona na wao kwamba pazuri. Yule binti wa Kijerumani alifunika mdomo kwa kiganja. Mwalimu mmoja akasema, "Jamani, Tanzania hii hii?"

Baba Mjerumani akauliza zile ngazi za mashambani ni za nini. Kiongozi akajibu kwamba ndio ukulima wa asili, watu wanahifadhi udongo tangu zamani. Jibu zuri, fupi. Ila hapo mimi ninajua kidogo, kwa kuwa jambo hili lina kitabu chake, Peasant Intellectuals cha mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, cha mwaka 1990. Ni kweli kwamba Wasambaa wana neno lao la kale, kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi iwe na mvua na shibe, na kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu. Lakini mwaka 1946 Mwingereza alianza mpango wake hapa hapa Mlalo: kila nyumba ichimbe matuta kwenye miteremko, kwa amri, na asiyechimba anatozwa faini. Waliochimba zaidi walikuwa wanawake. Watu waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Ubishi ukakua mwaka hadi mwaka, TANU ilipofika ikakuta hasira iko tayari jikoni, na kufikia 1957 mpango ukafa. Kwa hiyo ukitazama mteremko wa Mlalo unatazama uzuri, sawa, na unatazama pia mahali watu walipokataa.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, nikinyamaza, kwa kuwa mimi nilikuja kuandika karatasi na si kusahihisha mwenyeji. Ndipo tukakutana na yule bibi.

Alikuwa anapanda, sisi tunateremka. Mgongoni kabeba mzigo wa kuni. Kiongozi akapunguza mwendo, Mjerumani akapunguza, walimu wakachelewa kidogo, na vumbi lote likamwendea bibi pale alipojibanza ukingoni. Tukasimama. Binti akashuka na kamera, akaomba ruhusa kwa ishara. Bibi hakutazama kamera. Alimtazama kiongozi akasema kwa Kisambaa, taratibu, kila neno likatua:

"Hawa kila wiki wanapita kutazama nini? Kama ni milima, nasikia hata kwao ipo. Na gari lisilobeba hata kuni, hilo ni gari la kazi gani?"

Kiongozi akatabasamu, akawageukia wageni. "Bibi anawakaribisha sana, na anasifia magari yetu."

Wote wakacheka kwa furaha, walimu wakasema, "Asante, bibi!" Wao Kisambaa hakiwaingii kabisa, Kijaluo na Kisambaa kwao sawa. Kiongozi akanitupia jicho. Alijua kwamba nimesikia.

Nikashuka, nikamwamkia bibi kwa Kisambaa changu cha Ngamiani, chenye lafudhi ya pwani. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Na huyu? Huyu si mgeni. Paji hilo nalijua. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba. Akatikisa kichwa, hapana. Nikamtajia babu. Bibi akautua mzigo wa kuni chini.

"Wa yule aliyeteremka akakaa moja kwa moja?"

"Ndiye, bibi."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Mwambie mpaka umesogea."

Akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya kijito. Kulikuwa na mteremko wa mahindi na maharage, na katikati yake mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo huku inapandwa kuonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi. Akasema masale yale yalikuwa juu, karibu na njia, chini ya jiwe jeupe. Jiwe jeupe lilikuwa bado liko pale, ila sasa limebaki peke yake ndani ya mahindi ya mtu mwingine.

"Masale hayana miguu, mwanangu," akasema. "Matuta yale tulichimba mimi na mama yangu na bibi yako, kwa amri, mimi nikiwa msichana. Najua yalipoanzia. Mwambie mimi bado ninajua. Lakini asidhani nitajua siku zote."

Nikauliza nani aliyeyasogeza. Akainama akachukua kuni zake.

"Wanazungumza nini?" mwalimu akauliza.

"Habari za nyumbani," kiongozi akasema. "Wameuliziana ndugu."

"Kumbe una ndugu huku! Raha iliyoje!" Wakatupiga picha, mimi na bibi. Ninayo. Bibi amekunja uso, mimi nimefumba jicho moja kwa ajili ya jua.

Tukaendelea. Nikwambie kweli, baada ya hapo mandhari yalinipotea. Wenzangu wanaonyeshana maporomoko na maua, mimi nahesabu masale. Kila mteremko nikauona kuwa ni wa mtu, umepakana na mtu, na kati yao pana neno ambalo halijasemwa. Riwaya yangu ilikuwa na ukungu mwingi na kijana anayesimama kileleni akalia bila sababu inayoeleweka. Sababu nilikuwa naitazama, mahindi yake yamefika kiunoni.

Chakula cha mchana tulikula kwa mama mmoja Mlalo, wali, maharage na mboga za majani, na wageni wakakaa roshanini kupiga picha. Nilibaki na kiongozi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Unataka kuniuliza kwa nini nilitafsiri vile."

"Ndiyo, kaka."

"Yule ni dada wa bibi yangu, mzaa mama. Unadhani alikuwa anawasema wao? Ananisema mimi. Toka nipate kazi hii ananiambia hivyo hivyo, gari halibebi kuni. Jumapili zangu zote namkatia kuni na nambebea. Jumatano nina wageni. Sasa unataka niwatafsirie watu wa Ulaya ugomvi wangu na bibi yangu?"

Nikacheka, na yeye akacheka. Ilikuwa hoja, na sikuwa na ya kuijibu. Anauza bonde, lakini analala bondeni. Mimi nililiandika bila kulilipia hata nauli. Nikamuuliza ya matuta, akasema historia ile anaijua kuliko mimi, bibi huyo huyo ndiye aliyemsimulia, lakini ukiianza kwa wageni lazima uimalize, na kila kituo ana dakika ishirini tu.

"Na mpaka je?" nikasema.

Akageuza kijiko sahanini. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Huo mpaka, dogo, usiniulize mimi."

"Nimuulize nani?"

"Mlete baba yako aulize mwenyewe. Mimi mama yangu anakaa pale pale." Akainuka. "Na karatasi yetu iandike vizuri."

Hakusema zaidi, na njia nzima ya kurudi Lushoto akanionyesha vilele na kunitajia majina yake, kwa upole, kana kwamba ananilipa kitu.

Karatasi niliiandika. Niliweka msitu, mbega, Mbegha, nyumba za roshani. Niliweka pia mistari mitatu ya matuta ya mwaka 1946, na mmoja kwamba dereva asimame kabisa akiona mtu mwenye mzigo. Ya matuta waliikata. Ya mzigo waliiacha, na nasikia sasa inasomwa kwa sauti kabla ya kuondoka, sharti la tatu, polepole.

Ngamiani nilifika usiku. Baba alikuwa barazani na redio yake. Nilimweleza safari nikianzia mwisho, nikamwambia maneno ya bibi kwa Kisambaa kama yalivyosemwa, bila kukata wala kutia sukari. Alipunguza redio. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Jiwe jeupe liko pale pale?"

"Liko, ila ndani ya mahindi."

"Masale yameshuka kufuata kijito, au yamekata katikati?"

"Yamekata katikati."

Akazima redio kabisa. Mama alitoka ndani kuuliza kuna nini, baba akamwambia hakuna kitu, akaniuliza mimi basi la Lushoto siku hizi linaondoka saa ngapi.