Aliyezaliwa Tarehe Mosi Julai



Wapendwa waamini, nawaandikia kutoka hapa Itiryo. Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa ni la serikali na mahesabu tu. Mimi nami ningeliona hivyo, kama lisingekuja mlangoni kwangu likiwa na uso wa mtu.

Jioni moja, mwishoni mwa mwaka 2022, alinijia mwalimu mstaafu. Jina lake silitaji, ingawa yeye mwenyewe ameniruhusu niyaandike haya. Nilimwamkia, tukaketi, akaletewa chai ambayo hakuigusa. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Kisha akasema, “Baba Paroko, naomba unitafutie habari zangu katika daftari la ubatizo. Nataka kujua nilizaliwa lini.”

Ombi hilo lilinishangaza. Mtu wa miaka 60, aliyefundisha watoto wa watu kusoma na kuhesabu kwa zaidi ya miaka 30, anataka kujua alizaliwa lini! Lakini ninyi wazee wa milima hii mnaelewa kuliko mimi. Enzi hizo mama alijifungulia nyumbani, na hapakuwa na karani wa kuandika. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa mwaka uliofuata Uhuru, baada ya zile mvua kubwa, ulezi ulipokuwa ukikaribia kuvunwa. Alipoajiriwa, alitakiwa kujaza tarehe kamili. Mwaka 1962 aliujua. Siku na mwezi hakuvijua. Karani akamwandikia tarehe 1 Julai, katikati ya mwaka, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyefikiri kwamba kwa kalamu ile alikuwa anaamuliwa uzee wake.

Mtumishi wa umma hulazimika kustaafu anapotimiza miaka 60, ingawa anaweza kuomba kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Tarehe aliyoiandikisha alipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo inayohesabiwa. Hivyo basi Mwalimu wetu alistaafu tarehe 1 Julai 2022. Na tarehe hiyohiyo, 1 Julai 2022, ndiyo siku kanuni mpya ya kukokotoa mafao, ile ambayo wananchi wote wanaiita kikokotoo, ilipoanza kutumika.

Anaye rafiki yake. Waliripoti kituo kimoja cha kazi siku moja, wakakaa nyumba moja ya walimu, wakala ugali wa sufuria moja. Huyo aliandikiwa kwamba alizaliwa mwezi Mei 1962. Akastaafu mwezi Mei, akalipwa kwa kanuni ya zamani.

Nilipekua daftari. Nilimkuta, amebatizwa akiwa kijana mdogo, na mbele ya jina lake mmisionari ameandika mwaka 1962 peke yake. Hata Kanisa halikujua siku. Nilipomwambia, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Baba, huwezi kuniandikia Juni?”

Ndugu zangu, sitasahau namna alivyoinamisha uso baada ya kusema hivyo. Ni mtu aliyewachapa viboko wanafunzi kwa kudanganya umri. Nilimjibu kwamba siwezi, na hata kama ningeweza, barua yangu isingebadili kumbukumbu ya ajira. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Kosa langu ni lile lililofuata. Niliharakisha kumfariji. Nikamwambia awe na subira, kwani nilikuwa nimesikia redioni kwamba ingawa mkupuo umepungua, pensheni ya kila mwezi imeongezeka. Kwa hiyo, nikamwambia, mwisho wa yote ni kilekile. Mwalimu alinitazama, akaomba karatasi. Nikampa tangazo la Dominika iliyopita, akaligeuza nyuma, akaanza kuandika kama yuko ubaoni.

Tuseme, alisema, watu wawili wana mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na kila mmoja ametumikia miezi 360, yaani miaka 30. Kwa kanuni ya zamani, unachukua mshahara wa mwaka, shilingi 12,000,000, unazidisha kwa miezi 360, unagawanya kwa 540. Unapata 8,000,000, ambayo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo: shilingi 62,000,000. Nusu inayobaki inalipwa kila mwezi, shilingi 333,000 hivi. Kwa kanuni mpya, unagawanya kwa 580 badala ya 540. Kinacholipwa kwa mkupuo si nusu bali asilimia 33. Na kinazidishwa kwa 12.5 badala ya 15.5. Mkupuo unakuwa takriban shilingi 30,700,000, na pensheni ya mwezi takriban 416,000.

“Sasa Baba,” akaniuliza, “hii nyongeza ya elfu themanini na kitu kwa mwezi itaifidia lini ile milioni thelathini na moja iliyopungua?”

Tulipiga hesabu pamoja. Inahitaji zaidi ya miaka 31. Mwalimu atakuwa na miaka 91.

Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimetoa faraja bila kupiga hesabu. Nadhani sisi mapadre, na viongozi wengi, tunayo dhambi hiyo. Tunawahubiria watu subira kabla ya kujua wanasubiri nini.

Lakini haki inatudai tuusikilize upande wa pili pia. Mfuko wa pensheni si kisima kisichokauka. Waliostaafu wanaendelea kulipwa hadi kufa, na mfuko unaotoa kuliko unavyoingiza utawaacha mikono mitupu walimu vijana wanaoanza kazi leo. Tena, wapo wastaafu wengi waliopokea mkupuo mkubwa na kuumaliza katika mwaka mmoja, kwa biashara wasizozijua, kwa ndugu waliojitokeza ghafla, kwa ulevi na nyumba ndogo. Nimewazika wengine wao. Pensheni ya mwezi iliyo kubwa kidogo huwalinda wazee wa namna hiyo. Anayesema mageuzi hayakuhitajika kabisa hasemi kweli yote.

Hata hivyo tujiulize ni nani aliyeudhoofisha mfuko. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia. Pensheni yao ilikuwa ahadi ya Hazina. Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma ulipoanza, mtumishi akikatwa asilimia 5 na mwajiri akiweka asilimia 15, mfuko ulitakiwa kuwalipa hata kwa miaka ile ambayo hakuna aliyeichangia. Deni hilo lilikaa kwa muda mrefu. Mwezi Desemba 2021 ndipo Serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipa sehemu yake. Mwalimu wetu hakukopa fedha hizo. Tangu mfuko ulipoanza yeye alikatwa kila mwezi, hakuna mwezi alioruka.

Tena alikuwa ameahidiwa. Mifuko minne ilipounganishwa kuwa PSSSF mwezi Agosti 2018, kanuni zilizofuata zilishusha mkupuo hadi asilimia 25. Wafanyakazi walilalamika nchi nzima. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vyao, akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi mwaka 2023. Mwalimu alilisikia agizo hilo kwa masikio yake. Akapiga hesabu: nastaafu 2022, nimo ndani ya muda. Akaanza msingi wa nyumba na kumwandikisha binti yake chuoni, akilitegemea neno hilo. Halikufika 2023.

Mwezi Juni 2024 Serikali ilitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba waliokuwa wakipata asilimia 50 kabla ya mabadiliko watalipwa mkupuo wa asilimia 40 badala ya 33. Ni hatua njema, na tuishukuru. Inaonyesha kwamba kilio cha wazee kinaweza kusikika. Lakini hata ukiikokotoa ile hesabu ya nyuma ya tangazo kwa asilimia 40, mkupuo unafika shilingi 37,200,000 tu, kwa sababu ile 580 na ile 12.5 zimebaki palepale.

Wapendwa, mnaukumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Walioanza alfajiri walinung’unika kwa sababu walioingia saa ya mwisho walilipwa sawa nao. Mara nyingi tunautumia mfano huo kuwanyamazisha wanaonung’unika juu ya malipo. Lakini tusome vizuri. Yule mwenye shamba aliwapa wa alfajiri kila senti waliyopatana. Ukarimu wake kwa wengine haukutoka mfukoni mwao. Kwa Mwalimu mambo ni kinyume. Wawili walianza alfajiri moja, wakapatana ujira mmoja, na jua lilipokuwa linazama mmoja akapunguziwa. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, aliihesabu pensheni ya uzeeni miongoni mwa haki za mfanyakazi. Mstaafu haombi sadaka.

Je, palikuwa na njia nyingine? Mimi si mtaalamu wa hifadhi ya jamii, lakini Mwalimu alinionyesha moja iliyotoshea katika nafasi iliyobaki kwenye karatasi ile. Miaka uliyoitumikia kabla ya tarehe ya mabadiliko ihesabiwe kwa kanuni ya zamani, na inayofuata ihesabiwe kwa kanuni mpya. Kijana atabeba sehemu kubwa ya mzigo, lakini anao muda wa kujipanga. Aliye mlangoni atabeba kidogo, kwani hana tena muda. Tarehe itaendelea kuwapo, lakini haitakuwa panga.

Nawaomba basi mambo matatu. Ninyi mlio kazini, jueni tarehe iliyoandikwa katika majalada yenu na kanuni itakayowahusu, mapema, kabla ya mwaka wa mwisho. Ninyi watoto wa wastaafu, msiuwinde mkupuo wa baba. Ni mdogo kuliko mnavyodhani, na ni uzee wake wote. Nanyi mlio na sauti, madiwani, viongozi wa vyama na wataalamu mnaosali nasi, pelekeni hesabu hii mbele, kwa heshima na kwa ukweli.

Mwalimu bado anakuja Misa ya kwanza kila Dominika, kwa miguu. Msingi wa nyumba yake umeota majani. Binti yake anaendelea na chuo kwa fedha ya kahawa na ndizi. Hajaniomba tena barua. Ile karatasi ninayo bado ndani ya kitabu changu cha sala, na kila ninapotaka kumwambia mtu avumilie, huitazama kwanza.