Kompyuta ya Mezani Inayopanda Matatu

Wasee, kila nikipost picha ya kompyuta yangu ikiwa mapajani ndani ya mat ya Karatina, swali ni lile lile: "Si ungenunua tu laptopu?" Leo nalijibu mara moja, halafu tusonge.

Laptopu nilikuwa nayo. Desemba, msimu wa harusi na ruracio, nikiwa na harusi moja ya Mukurwe-ini ya kumaliza, ilizima saa nane usiku na haikuwaka tena. Fundi aliifungua akanionyesha: prosesa, grafiki, hata ramu, vyote vimechomelewa kwa bodi moja. Kimoja kikiungua, unatafuta mashine nyingine. Video zilikuwa salama kwa diski ya nje, lakini kazi ilichelewa wiki tatu na salio langu likakatwa nusu. Sikulalamika. Wangefanya nini?

Mathe akachukua mkopo wa chama, shilingi 90,000. Kama unajua chama za akina mama, unajua dhamana hapo ni jina lake. Nikishindwa kulipa, ni yeye atainamisha kichwa mbele ya wenzake.

Maboy wa mtaa walikuwa na ushauri mmoja: anza na kadi kubwa ya grafiki, hizo zingine zitajipa. Mathe huniita Awa kwa sababu nilipewa jina la babake, na yeye alikuwa na maswali mawili tu: "Awa, hiyo kitu utaibeba aje? Na stima ikipotea?" Hajui ramu ni nini, lakini maswali yake ndiyo yalichagua kila kipande.

Tuanze na kubeba. Nilichukua mazabodi ya Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, na kisanduku cha umeme cha saizi ya SFX. Kasha lote linaingia kwa begi ya shule. Shida ya bodi ndogo ni kwamba haikupi nafasi ya kujirekebisha: iko na nafasi mbili tu za ramu na moja ya kadi. Kwa hivyo nilinunua ramu mbili za GB 16 siku ya kwanza. Ukiweka mbili za GB 8 ukisema utaongeza, siku ya kuongeza utakuwa unatoa.

Halafu kuna barabara. Kutoka Nyeri ukipitia Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki, kila tuta linavuta kitu kizito kilichoning'inia ndani ya kasha. Kipoza-joto kirefu kinatikisika, na kadi nzito inapinda pale ilipochomekwa. Nilichagua kipoza kifupi, na SSD ya M.2 inayofungwa kwa skrubu moja juu ya bodi, bila waya wa kuchomoka njiani. Kadi sikununua. Nilichukua Ryzen 5 5600G, viini 6, yenye grafiki yake ndani. Hiyo grafiki hukopa ramu ya mashine, ndiyo maana ramu mbili zinazofanya kazi pamoja zinasaidia kuliko moja kubwa.

Sasa stima. Kompyuta ya mezani haina betri, na huku umeme ukipotea haukuagi. Prosesa yangu ni ya wati 65, kwa hivyo hata UPS ndogo inaitosha. Usiitegemee ikupe saa za kazi. Inakupa dakika za kusevu na kuzima vizuri. Ni nzito, kwa hivyo inabaki nyumbani. Nikitoka, nasevu kila mara kama mtu mwoga.

Na skrini je? Hapa ndipo watu hucheka, halafu wanaelewa. Sebule nyingi za wateja wangu ziko na TV yenye HDMI. Naingia, nasalimia wazee, nachomeka. Tunakata harusi pamoja kwa TV yao: "Toa hapo, huyo mjomba amelala." Zamani nilituma video, wanarudisha malalamiko, natuma tena. Siku hizi kazi inaisha alasiri moja, na salio nalipwa nikinywa chai.

Sitawadanganya. Video za 4K zikipangwa nyingi pamoja, inakwama. Natengeneza nakala nyepesi kwanza, nahariri hizo, halafu programu inarudisha zile nzito mwishoni. Inakula muda. Gemu kubwa nazo nacheza kwa mipangilio ya chini. Lakini kisanduku cha umeme ni cha wati 450 na ile nafasi ya kadi iko wazi, inangoja siku yake.

Kama hutoki nyumbani, nunua kasha kubwa: ni rahisi na hewa ni tele. Kama unafanyia kazi kwa mkahawa au ndani ya gari, laptopu ndiyo yako. Kompyuta kama yangu ni ya mtu anayeenda mahali penye stima na skrini tayari. Jua utaenda wapi nayo kabla hujauliza bei ya kadi.

Mkopo umebaki 31,000. Juzi mathe alinitafutia kasha nafasi mbele, kando ya dereva, akamwambia kondaa: "Hiyo ni yangu, polepole." Ni ukweli. Bado ni yake.