Kiharusi Kisichopiga Hodi

Mpwa wangu ana selimundu, au sikoseli kama tunavyoisema mtaani kwetu Kahama. Ugonjwa huu wa kurithi tumezoea kuuona kwenye maumivu ya mifupa, macho ya njano na kuongezewa damu. Kanda ya Ziwa si mgeni: utafiti wa watoto wachanga uliofanyika Bugando, Mwanza, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba chake. Ila hakuna aliyetuambia kwamba unafika hadi kwenye ubongo.

Alipofika darasa la tatu akaanza kusahau. Umemtuma chumvi na kiberiti, anarudi na chumvi. Shuleni wakasema ni mvivu, akachapwa. "Anko, mi nasikiliza, ila maneno yanaondoka," aliniambia.

Mimi ni mwandishi wa habari, nikaanza kuuliza. Ndani ya ubongo kuna nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Hiyo ndiyo sehemu nyeupe. Baadhi ziko mwisho kabisa wa njia ya damu, kama majaruba ya mpunga yaliyo mwisho wa mfereji: damu ikipungua, ndizo huumia kwanza. Kwenye picha ya MRI, doa la milimita 3 tu linatosha kuitwa kiharusi cha kimya. Mkono haulegei, mdomo haupindi. Kinachopungua ni umakini na kasi ya kufikiri. Ipo pia mbinu inayofuatilia maji yanavyotembea ndani ya nyuzi: zikiwa nzima, maji hufuata njia, zikichakaa, hutawanyika, hata pale ambapo picha ya kawaida haionyeshi doa.

Ukitoka Kahama kwenda Geita unapita Bulyanhulu, ambako wataalamu husoma mwamba mamia ya mita chini ya ardhi. Ili kichwa cha mtoto kisomwe, sisi tulipanda basi hadi Dar es Salaam. Vikaonekana vidoa viwili, upande wa mbele.

Dawa haivifuti. Lakini haidroksiyurea anayomeza kila siku hupunguza kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, ile kasi inayotangulia kiharusi kikubwa; majaribio ya Bugando yameonyesha hivyo kwa watoto wetu hukuhuku.

Barua ya daktari dada aliipeleka shuleni mwenyewe. Siku hizi mtoto anakaa dawati la mbele, anaandikiwa maagizo mojamoja kwenye karatasi. Juzi kanisomea hadithi nzima. Alipomaliza akaniuliza yule sungura anaitwa nani, nikamwambia arudi ukurasa wa kwanza, tukaangalia wote.