Kiguu, Ngiri na Huruma ya Wazazi

Udongo uwahi ungali maji. Mtoto azaliwaye na kiguu, wayo umegeukia ndani, ndivyo atakiwavyo kutazamwa. Ignacio Ponseti, tabibu wa Iowa, Marekani, aliyefariki mwaka 2009, alionyesha kuwa mguu huo hunyoshwa kwa mkono pole pole, ukafungwa plasta toka vidoleni mpaka pajani, ikabadilishwa kila juma, aghalabu mara 5 hata 7. Walio wengi hukatwa pia kano ya kisigino.

Hapo kazi ya tabibu hupungua, ya wazazi huanza. Viatu vilivyounganishwa kwa ufito huvaliwa saa 23 kwa siku muda wa miezi 3, kisha usiku mpaka miaka 4 au 5. Mtoto hulia, na akiwa na ngiri, uvimbe hutokeza kwa kilio. Ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe. Ya kinena hutaka kupasuliwa, na ikikataa kurudi ndani, hospitali mara moja.

Mzazi aliyechoka huona huruma, akavua viatu. Huruma hiyo huweza kuurudisha mguu ulikotoka. Huruma iliyo bora huvifunga viatu kwanza, kisha humpakata mtoto, ikakesha naye.